Kununua Fremu ya Kaboni ya Baiskeli ya Mbio kwa Bei Nafuu: Namna ya Kuipima, Kuikagua na Kuifunga

Muuzaji anapokuwekea fremu ya kaboni mezani huilaza upande wenye nembo, rangi ikiwa imesuguliwa hadi inang'aa. Igeuze juu chini kabla hujauliza bei. Upande wa chini ndiko kokoto za barabarani zinakopiga, ndiko mnyororo unakokwaruza unaporuka, na ndiko fremu iliyowahi kugonga gari au kuingia mtaroni inakoonyesha mikunjo ambayo picha ulizotumiwa kwenye simu hazikuionyesha. Mwongozo huu ni kwa mwendesha baiskeli wa Afrika Mashariki mwenye fedha za kiasi, ambaye hawezi kununua baiskeli mpya ya kaboni dukani na kwa hiyo amebakiwa na njia mbili: fremu iliyotumika, ambayo mara nyingi huja ikiwa bado ni baiskeli nzima, au fremu mpya isiyo na jina kubwa, iliyoagizwa moja kwa moja kutoka China.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa anayenunua kwa mara ya kwanza, fremu iliyotumika ya mtengenezaji anayejulikana, yenye breki za rimu (zile zinazobana ukingo wa gurudumu), na ambayo unaweza kuishika kwa mikono yako kabla ya kulipa, ndiyo yenye thamani kubwa kwa fedha ndogo. Soko la baiskeli za mbio limehamia kwenye breki za diski, kwa hiyo fremu za breki za rimu zimeshuka bei bila kushuka ubora. Hata hivyo, fremu nzuri ya alumini ni bora kuliko ya kaboni yenye shaka. Fremu ya kaboni ya daraja la kawaida huwa na uzito wa gramu 1,000 hadi 1,200, na ya alumini gramu 1,300 hadi 1,600. Tofauti hiyo haifikii chupa moja kubwa ya maji iliyojaa, na si sababu ya kuhatarisha meno yako.

Kaboni huharibikaje

Fremu hii si bomba lililomiminwa kama chuma. Ni matabaka ya nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizoloweshwa gundi ya epoksi, yakapangwa moja juu ya jingine ndani ya kalibu na kupikwa kwa joto na mgandamizo hadi yakashikana. Kila tabaka lina nguvu kubwa kwa kufuata uelekeo wa nyuzi zake na ni dhaifu kwa upande unaokata uelekeo huo, ndiyo maana mtengenezaji huyapishanisha, mengine yakienda sambamba na bomba na mengine yakikata kwa digrii 45. Ustadi upo katika mpangilio huo kuliko katika jina la nyuzi. Muuzaji anayesifu fremu yake kwa sababu imeandikwa T800 au T1000 hajakuambia jambo kubwa. Hayo ni madaraja ya nyuzi za kampuni ya Toray ya Japani: T700 ina ugumu wa gigapaskali 230 na T800 ina 294, lakini nyuzi ngumu zilizopangwa ovyo huzaa fremu mbaya, na hakuna jicho linaloweza kutambua daraja la nyuzi zilizofichwa chini ya rangi. T700 iliyopangwa vizuri inatosha kabisa.

Jambo la kushika ni namna kaboni inavyoficha majeraha yake. Chuma kikipigwa hupinda na alumini hubonyea, hivyo kila mwenye macho huona. Kaboni ikipigwa huweza kurudi katika umbo lake kwa nje huku ndani matabaka yakiwa yameachana, ikaendelea kubeba mzigo kwa miezi, hadi siku ya shimo kubwa au ya breki ya ghafla. Kwa upande mwingine, kaboni ambayo haijapigwa haichoki kirahisi kama alumini, kwa hiyo umri wa miaka 10 peke yake si kasoro. Swali la kumwuliza muuzaji, basi, ni kama imewahi kuanguka, iliangukia upande gani, na nani aliyeifunga na kuifungua tangu hapo. Miaka yake ni jambo la pili.

Hatua ya kwanza: pima baiskeli inayokufaa sasa

Saizi iliyoandikwa kwenye fremu, iwe 52, 54 au M, haina maana moja kwa watengenezaji wote. Vipimo vya kulinganisha ni viwili: kimo, yaani umbali wa wima kutoka katikati ya tundu la ekseli ya pedali hadi usawa wa ukingo wa juu wa kichwa cha fremu (lile bomba fupi la mbele ambamo usukani huzungukia), na mnyoosho, yaani umbali wa mlalo kati ya nukta hizohizo. Katika majedwali ya watengenezaji utavikuta vimeandikwa stack na reach. Fremu nyingi za mbio za saizi 54 zina kimo cha kati ya milimita 540 na 560, na mnyoosho wa kati ya 380 na 390.

Huhitaji mashine kuvipima. Simamisha wima baiskeli ambayo mwili wako umeizoea, juu ya sakafu uliyoihakiki kwa pima maji, tairi la nyuma likigusa ukuta. Pima kutoka sakafuni hadi katikati ya ekseli ya pedali, kisha kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kichwa cha fremu. Ukipata milimita 268 na 818, kimo chako ni 550. Halafu pima kwa mlalo kutoka ukutani hadi ekseli, na kutoka ukutani hadi katikati ya ukingo wa juu wa kichwa cha fremu. Ukipata 745 na 1,130, mnyoosho wako ni 385. Andika namba hizo mbili kwenye simu yako, kwa sababu ndizo zitakazokuzuia siku utakapokutana na fremu nzuri ya rangi uipendayo, kwa bei ya kutupwa, lakini isiyo yako. Mnyoosho ukizidi kwa milimita 10, stemu fupi, yaani kile kipande kinachoshika usukani, itatibu. Ukizidi kwa 30, iache.

Hatua ya pili: jua matundu yatakubali nini

Fremu peke yake haitembei, na mahali ambapo bei nafuu hugeuka kuwa ghali ni kwenye vifaa vya kuijaza. Anza na magurudumu. Fremu ya breki za rimu huchukua ekseli ya kawaida yenye nafasi ya milimita 100 mbele na 130 nyuma. Ya breki za diski ya siku hizi huchukua ekseli nene ya kupenya yenye kipenyo cha milimita 12, nafasi ikiwa 100 mbele na 142 nyuma. Aina hizi haziingiliani, na anayehamia diski lazima abadilishe magurudumu, breki na mara nyingi mikono ya gia pia. Angalia vilevile nafasi ya tairi. Fremu nyingi za zamani za breki za rimu hazipitishi tairi linalozidi milimita 25, ilhali lami zetu zenye viraka na matuta yasiyotangazwa zinadai 28. Njia rahisi ni kufunga gurudumu lenye tairi unalotaka na kupitisha alinki ya milimita 4 kati ya tairi na fremu kila upande. Isipopita, vumbi na matope vitakula kaboni taratibu.

Tundu la ekseli ya pedali, ambalo mafundi huliita botomu braketi, linastahili muda wako zaidi ya yote. Nenda na kalipa, kile kifaa cha kupimia upana na kipenyo. Pima upana wa nje wa tundu, kisha kipenyo cha ndani, na angalia kama kuna hesi, yaani meno ya kuzungushia kama ya skrubu. Upana wa milimita 68 wenye hesi ni aina ya kawaida ya Kiingereza, iitwayo BSA, na beringi zake ndizo rahisi kupatikana huku kwetu. Upana wa 70 wenye hesi ni wa Kitaliano. Bila hesi, upana wa 68 na kipenyo cha 42 ni BB30. Upana wa 68 na kipenyo cha 46 ni PF30. Upana wa 86.5 na kipenyo cha 41 ni BB86. Na upana wa 86.5 wenye kipenyo cha 46 ni BB386. Ukishajua aina, uliza kama beringi zake zinapatikana mjini kwako na kama mikono yako ya pedali inaingia, kabla hujatoa hata shilingi.

Palipo na hesi, chunguza meno yake kwa tochi. Katika aina ya Kiingereza, upande wa mnyororo una hesi ya kinyume, kwa hiyo kikombe cha beringi hufunguliwa kwa kuzungushwa kuelekea mkono wa kulia kama akrabu za saa. Fundi asiyejua hilo huongeza urefu wa bomba kwenye spana na kusukuma kwa nguvu zake zote upande usio sahihi, na nimeona fremu nzima kabisa, isiyo na mkwaruzo mmoja, ikiwa imeharibiwa kwa dakika tano za namna hiyo. Pasipo na hesi, pima kipenyo mara tatu kwa pembe tofauti. Mimi huikataa ile ambayo vipimo vyake vinapishana kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita, kwa maana beringi zitalia kila unapokanyaga pedali na hakuna grisi itakayozinyamazisha.

Kifaa kingine kidogo cha kukumbuka ni kishikizo cha gia ya nyuma, kile kipande cha alumini kinachofungwa kwenye fremu kwa skrubu. Kimeumbwa kipinde au kivunjike ili fremu isivunjike. Tatizo ni kwamba kila fremu ina umbo lake. Hakikisha unajua modeli kamili, na agiza cha akiba siku hiyohiyo unayoinunua.

Mwisho pima shingo ya uma unaoshika gurudumu la mbele, yaani bomba linalopanda ndani ya kichwa cha fremu, kwa sababu mmiliki wa kwanza huenda aliikata kwa kimo chake. Jumlisha urefu wa kichwa cha fremu, vifuniko vya beringi, wosha unazohitaji na kimo cha stemu. Mfano: kichwa cha milimita 150, vifuniko 15, wosha 10 na stemu 40 vinahitaji shingo ya 215. Ukiikuta ina 190, huna wosha wala stemu itakayokaa, na itabidi ununue uma mwingine.

Hatua ya tatu: mtumba au China

Anayenunua mtumba ananunua pamoja na historia ya fremu, na anayeagiza China ananunua uaminifu wa mtu asiyemwona. Fremu nyingi za China zisizo na nembo hutoka kwenye kalibu za pamoja, ambazo wauzaji kadhaa huzitumia na kuzipa majina tofauti, na bei yake kwa kawaida huwa kati ya dola 400 na 900 pamoja na uma. Zipo nzuri. Mwombe muuzaji akuonyeshe ripoti ya majaribio ya ISO 4210, ambacho ni kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, na iwe ripoti ya modeli hiyohiyo unayoinunua. Lebo ya UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, ni jambo jingine: shirikisho hilo lilianza kuidhinisha fremu mpya mwaka 2011, lakini uidhinishaji wake unahusu umbo na vipimo vinavyoruhusiwa mashindanoni, na hausemi lolote juu ya uimara. Anayenuia kushindana chini ya kanuni za UCI anaihitaji. Anayepanda milima Jumapili asubuhi anaihitaji zaidi ile ripoti ya ISO.

Usiguse fremu yenye nembo ya kampuni kubwa ya Ulaya au Marekani inayouzwa mpya kwa theluthi ya bei yake. Hadithi kwamba inatoka kiwanda kilekile kwa mlango wa nyuma haikusaidii, kwani hata kama kalibu ingefanana, hujui ndani kuna matabaka mangapi, na anayeghushi nembo hana sababu ya kutoghushi na mengine. Isiyo na jina, kutoka kwa muuzaji anayejibu maswali na kutoa dhamana, ni salama kuliko yenye jina la kuiba.

Kabla ya kufurahia bei ya China, piga hesabu ya safari. Kampuni za usafirishaji wa haraka hazitozi kwa kilo za mzani pekee, bali hulinganisha na ukubwa wa boksi: urefu, upana na kimo kwa sentimita huzidishwa, kisha hugawanywa kwa 5,000, na kilicho kikubwa ndicho hulipiwa. Boksi la sentimita 105 kwa 62 kwa 20 huhesabiwa kuwa kilo 26, ingawa fremu, uma na maboksi yake havifiki kilo 5. Juu yake kuna ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 16 nchini Kenya au 18 Tanzania Bara, Uganda na Rwanda, ambayo hutozwa juu ya thamani iliyokwisha kuongezwa ushuru. Mwulize wakala wa forodha makadirio kwa maandishi kabla ya kuagiza. Muuzaji atakayejitolea kuandika dola 50 kwenye hati ili "kukusaidia" anakutengenezea kesi, na boksi likipotea njiani utafidiwa dola hizohizo 50.

Hatua ya nne: ukaguzi wa mkono na jicho

Fremu iliyonifundisha ukaguzi niliinunua jioni, chini ya taa ya barazani, kutoka kwa mtu ambaye sitamtaja. Kwenye bomba la chini, upana wa kiganja nyuma ya kichwa cha fremu, palikuwa na stika ya klabu fulani ya ng'ambo, nami niliiona kuwa pambo. Miezi miwili baadaye, nikiiosha, pembe ya stika ilibanduka. Chini yake palikuwa na mstari mwembamba kama uzi wa cherehani, umekata bomba kwa mshazari. Ukucha ulikwama. Nilipobonyeza kwa dole gumba, pakatoa mlio mdogo mkavu, na ukingo mmoja wa mstari ukazama kuliko mwingine. Nilikuwa nimeshuka nayo mlima Jumamosi iliyotangulia. Tangu siku hiyo, stika isiyo ya mtengenezaji hubanduliwa mbele ya macho yangu, na muuzaji asiyetaka ibanduliwe amekwisha kunijibu.

Kagua mchana, nje, fremu ikiwa safi na kavu. Ifute yote kwa kitambaa chenye spiriti. Sehemu kubwa ya spiriti itakauka mara moja, lakini palipo na ufa unyevu hubaki kwa sekunde chache zaidi ukichora mstari mweusi. Kisha pitisha pamba au soksi ya nailoni polepole juu ya kila bomba, kwa maana nyuzi zilizokatika huinasa hata pale jicho lisipoona kitu. Si kila mstari ni ufa wa kaboni. Rangi hupasuka yenyewe, hasa penye maungio ya kaboni na vipande vya alumini, na mstari wa namna hiyo huwa mwembamba, hauna kina, na hausogei ukibonyezwa pande zake mbili. Mstari wenye kina, wenye ukingo uliozama au unaotoa mlio ni wa kukataa.

Gonga kwa sarafu, lakini gonga kwa akili. Kaboni nzima hutoa sauti kali na fupi, iliyoachana matabaka hutoa sauti butu, kama kugonga kadibodi. Wengi hukosea kwa kulinganisha katikati ya bomba na mwisho wake, ambako unene ni tofauti na sauti lazima ibadilike. Linganisha kushoto na kulia mahali palepale: bomba la nyuma la kulia na la kushoto, ubavu huu wa bomba la juu na ubavu ule. Pale sauti inapotofautiana ndipo pa kurudia kwa ukucha na tochi.

Kuna sehemu ambazo mimi huanza nazo daima. Ya kwanza ni nyuma ya kichwa cha fremu, chini ya bomba la chini na chini ya bomba la juu, ambako ajali ya uso kwa uso huacha mikunjo midogo. Ya pili ni mbavu za bomba la juu, umbali ambao usukani ukizungushwa hadi mwisho hulifikia. Baiskeli ikianguka, usukani hujipinda na kupiga hapo. Ya tatu ni bomba la nyuma la chini upande wa mnyororo, ambako mnyororo uliobanwa huchimba. Mkwaruzo wa rangi unavumilika, nyuzi zilizokatwa hazivumiliki. Ya nne ni pale ambapo fundi hubana fremu kwenye stendi. Fremu hushikwa kwa nguzo ya kiti, si kwa bomba, lakini mafundi waliozoea baiskeli za chuma hawaambiwi.

Mwombe muuzaji apandishe na kushusha nguzo ya kiti ukiwa umesimama hapo. Nguzo ya alumini iliyokaa miaka mingi ndani ya kaboni bila kutolewa hushika kutu ya kemikali na kuganda, hasa penye jasho na hewa ya bahari, na kuing'oa huweza kulipasua bomba. Kisha toa uma. Wengi huona haya kudai hili, na ndilo la kudai kwa nguvu, kwa sababu fremu ikivunjika unaweza kupata sekunde ya kusimama, lakini shingo ya uma ikivunjika unaanguka kwa uso. Ifute shingo na uitazame pale stemu ilipobana na pale beringi ya chini inapokaa. Alama ya kung'aa ni ya kawaida. Mfereji unaoingia ukucha, bonde la kubanwa kupita kiasi, au kingo za msumeno zilizochanika pale ilipokatwa vinatosha kuukataa uma wote. Ukimaliza, mulika ndani ya fremu kupitia tundu la kiti na la ekseli. Kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu ni ya bei ndogo na huonyesha mengi.

Rangi mpya kwenye fremu ya zamani ni ya kushukiwa. Tafuta ukungu wa rangi ndani ya hesi, kwenye matundu ya waya na chini ya kishikizo cha gia, ambako kiwanda hakipulizi. Kaboni hutengenezeka, na fremu iliyotengenezwa na mtaalamu mwenye picha za kazi yake inaweza kuwa ununuzi mzuri kwa nusu ya bei. Lakini fila ya magari iliyosawazishwa kwa msasa na kupulizwa rangi si matengenezo. Ni pazia.

Kama fremu inauzwa ikiwa baiskeli nzima, hakiki pia mikono ya pedali. Mwaka 2023 Shimano ilitangaza ukaguzi wa mikono ya Ultegra na Dura-Ace ya gia 11 iliyotengenezwa kabla ya Julai 2019, kwa kuwa vipande vyake viwili vilivyogundishwa vinaweza kuachana. Modeli zinazohusika zimeandikwa kwa ndani ya mkono: FC-6800, FC-9000, FC-R8000, FC-R9100 na FC-R9100P.

Hatua ya tano: unyoofu

Chukua uzi imara usiovutika. Ufunge kwenye kikamatio cha ekseli ya nyuma upande mmoja, uuzungushe mbele ya kichwa cha fremu, uurudishe upande wa pili na kuufunga ukiwa umekaza. Sasa pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Ikiwa kushoto ni milimita 31 na kulia ni 30, fremu ni nyoofu kwa matumizi yetu. Tofauti ikifika 3, rudia kufunga uzi kwanza, kwani kosa mara nyingi huwa kwenye fundo. Ikibaki vilevile, iache, maana kaboni hainyooshwi kama chuma. Kisha funga gurudumu la nyuma, angalia nafasi pande zote mbili, ligeuze na uangalie tena. Kosa likihama upande pamoja na gurudumu, gurudumu ndilo baya. Kosa likibaki palepale, fremu ndiyo.

Hatua ya sita: bei na malipo

Andika gharama ya kuifikisha barabarani: fremu, uma, beringi, kishikizo, waya, vifaa usivyo navyo na kazi ya fundi. Jumla hiyo ikikaribia bei ya baiskeli nzima iliyotumika ya aina hiyohiyo, nunua baiskeli nzima, kwa sababu vipande vikinunuliwa kimoja kimoja huwa ghali. Namba ya fremu, ambayo aghalabu huwa chini ya tundu la ekseli ya pedali, ipige picha na iandikwe kwenye risiti. Iliyokwanguliwa ni ya kurudisha mezani. Usitume kianzio kwa simu kwa fremu ambayo hujaishika.

Hatua ya saba: kuifunga na safari za mwanzo

Kaboni huuawa na spana kuliko mawe. Nunua au azima spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na ufuate kipimo kilichochapishwa kando ya kila bolti. Kwa kibano cha nguzo ya kiti na bolti za stemu mara nyingi ni nyutoni-mita 5, kiasi ambacho mkono wa fundi aliyezoea kukaza baiskeli za mizigo hukipita bila kujua. Kaboni inapokutana na kaboni, paka paste ya kaboni yenye chembechembe, ambayo huongeza mshiko bila kuongeza nguvu ya kukaza. Grisi hapo haina kazi. Hufanya nguzo iteleze, na anayeona inateleza hukaza zaidi hadi bomba linapasuka. Bolti za stemu zikaze kwa zamu, kidogo kidogo.

Safari ya kwanza iwe tambarare na karibu na nyumbani. Simama juu ya pedali na kukanyaga kwa nguvu, funga breki ghafla mara kadhaa, na usikilize. Mlio unaofuata mzunguko wa pedali kwa kawaida hutoka kwenye beringi za ekseli. Unaosikika unapovuta usukani uchunguzwe kwenye stemu na kichwa cha fremu kabla ya safari nyingine. Mteremko wa kwanza ungoje safari ya pili. Zungushia utepe mwembamba kwenye nguzo ya kiti pale inapoingia kwenye fremu, na baada ya kilomita 100 angalia kama umeshuka. Kisha fungua stemu, toa uma kwa mara nyingine, na itazame shingo mchana kweupe mahali palepale ulipoitazama siku ya kununua.